Flashi ya Bi Mwatumu

Pale Chuo cha Kwemsala, Korogwe, upande wa Kwamndolwa, ukitaka kujua Castory yuko jengo gani usiulize mtu. Sikiliza watu wanachekea wapi. Alikuwa afisa TEHAMA, maana yake ndiye aliyeitwa printa ikigoma, intaneti ikikatika, na hata siku feni ya uhasibu ilipoanza kulia kama mbuzi aliyefungiwa, kwa hoja kwamba nayo inatumia umeme. Alikuja na bisibisi mfukoni na maneno mdomoni, na maneno ndiyo yaliyotangulia kufika.

Dawa yake ya kulinda kompyuta ilikuwa aibu. Mwalimu Eliasi alipoandika neno lake la siri kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni ya skrini, Castory hakumwandikia onyo. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu akalisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba redioni. Lilikuwa jina la mtoto wa kwanza wa Eliasi na mwaka aliozaliwa.

"Mwalimu, huyu mtoto umemzaa wewe, lakini kuanzia leo ni wa chuo kizima."

Kikaratasi kiling'oka siku hiyohiyo. Shamsia wa uhasibu, aliyekuwa akiacha kompyuta yake wazi akienda kunywa chai, alirudi akakuta ujumbe umeshatoka kwake kwenda kwa wafanyakazi wote: kesho analeta gunia la machungwa. Akaleta, si gunia, lakini akaleta. Watu walimenya, wakacheka, na tangu hapo Shamsia hakuinuka kitini bila kufunga. Kwa hiyo tusimnyime mtu haki yake: aibu ilifanya kazi.

Ila aliyekatiwa fungu nono kuliko wote alikuwa Bi Mwatumu, katibu muhtasi wa tawi la Handeni, na hapo kulikuwa na sababu. Bi Mwatumu ni Mzigua wa Kwaluguru. Castory ni mjukuu wa Mnyamwezi aliyeletwa kutoka Tabora kukata mkonge, akafia kwenye mashamba ya huku akiwa bado anasema mwakani anarudi kwao. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani haombwi adabu wala hakasirikiwi. Bi Mwatumu alikuwa na umri wa mama yake, lakini Castory hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Walikutana kwa matusi wakaagana kwa matusi. Huyu alimwita yule "mtumwa wangu", na yule akamwita huyu "mtumwa wangu", na kila mmoja aliapa kwamba wazee wake ndio walionunua.

Baba yake Bi Mwatumu alipofariki, Castory alikwenda hadi Kwaluguru, akaketi ukingoni mwa kaburi na kukataza mzee asishushwe mpaka apewe kuku. Wafiwa walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa, akapewa kuku, mzee akazikwa. Toka siku ile Bi Mwatumu alimpenda kama wa tumboni mwake. Matusi hayakupungua.

Tusi kubwa la Castory lilikuwa flashi. Bi Mwatumu alikuwa na flashi yake nyekundu, ameifunga kwa uzi wa shanga ili isipotee mkobani, na akitaka kuchapa tangazo la kitchen party au kadi ya maulidi alikwenda nayo stesheneri za mtaa wa Chanika, jirani na ofisi.

"Flashi hiyo imelala kila stesheneri ya Chanika," Castory alikuwa akisema katika kila semina ya usalama wa kompyuta. "Ingekuwa binti, tungeshaitisha kikao cha ukoo."

Ukumbi mzima ulicheka. Bi Mwatumu alicheka kuliko ukumbi.

Basi Jumatatu moja asubuhi Castory aliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Dokta Mhina alikuwa amesimama, simu iko mezani kwa sauti kubwa, na upande wa pili wafanyakazi wa tawi la Handeni wanasikika wakisemeshana wote kwa pamoja. Kompyuta zao zote tatu zimewaka vizuri, lakini mafaili hayafunguki. Kila faili limebadilika jina, na katika kila folda kuna barua ya Kiingereza inayosema mkitaka vitu vyenu tuandikieni, tupatane bei. Na kati ya vitu hivyo zilikuwamo alama za mazoezi za mwaka wa pili, darasa zima, ambazo bila hizo mwanafunzi hakai kwenye mtihani wa mwisho.

"Castory," alisema Dokta Mhina, "hii imeanzia wapi?"

Castory hakujua. Alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba hajui, na mtu mwingine angejibu hivyo. Lakini mtu aliyezoea kuchekesha anaogopa kimya kama wengine wanavyoogopa nyoka. Akainamia simu.

"Mkuu, kabla sijawasha pikipiki, muulizeni mtumwa wangu flashi yake Ijumaa ililala wapi."

Korogwe wakacheka. Handeni wakacheka. Kisha ikasikika sauti ya Bi Mwatumu, ndogo, kama inatoka chini ya meza.

"Ijumaa niliichomeka. Ilikuwa na video ya harusi ya mpwa wangu, kule Kwamsisi. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu."

Kicheko kilikatika pande zote mbili. Dokta Mhina alimtazama Castory akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mwizi na mwenye mali.

"Umeligusa palepale," alisema. "Nakala si zipo?"

"Zipo, Mkuu."

Zilikuwepo. Zilikuwepo za kabla ya masika, lakini hilo hakuulizwa.

Alifika Handeni jua halijawa kali. Njia nzima alikuwa akitunga maneno ya kumwingia nayo mtani wake, na alikuwa na mawili matatu mazuri. Hakuyatumia. Bi Mwatumu alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, nje ya ofisi yake mwenyewe, miguu ameikusanya pamoja. Alipomwona aliinuka, akamwekea flashi kiganjani na shanga zake.

"Itupe chooni," alisema. "Mimi nimeshindwa kuitupa kwa mkono wangu. Ina harusi ya mtoto."

"Tuanze kwanza kuangalia, mtumwa wangu."

"Angalia nini tena? Umesema miaka yote. Mimi ndiye nisiyesikia."

Castory aliingia ofisini akafunga mlango. Kompyuta, kwa wasiojua, ina umbea wake. Inaandika mahali ni nani kaingia, kapitia wapi na saa gani, na ukijua pa kuuliza inakwambia yote bila kukuonea haya. Castory alijua pa kuuliza. Akauliza habari za flashi nyekundu: ilichomekwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, ikakaguliwa na programu ya kuzuia virusi, ikakutwa safi. Akaichomeka kwenye laptopu yake mwenyewe akaikagua upya. Safi. Bibi harusi, ngoma, wali, shangazi wanaruka, basi.

Akauliza mafaili yalianza kufungwa lini. Jumapili asubuhi, ofisi ikiwa na kufuli na Bi Mwatumu akiwa Kwaluguru anapalilia mahindi.

Akauliza aliyeingia Jumapili aliingia kwa jina gani. Kompyuta ikamjibu: fundi.

Alikaa akitazama neno hilo. Fundi alikuwa yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Zamani alikuwa akija Handeni kila mwezi na diski yake, ananakili kila kitu, anarekebisha vilivyolegea, anatukanana na mtani, anarudi. Masika yalipoingia akachoka na mvua ya njiani. Akaweka programu ya kuziongoza kompyuta za Handeni akiwa amekaa Korogwe na chai yake. Ili aijaribu, akaacha mlango wake wazi kwenye intaneti, kwa siku moja tu, na siku moja hiyo ikapita masika, kiangazi na vuli. Ufunguo wa mlango alikuwa ameuchagua mwepesi, asije akausahau. Karibu123. Yeye, aliyemsomea Eliasi jina la mwanawe mbele za watu. Huko duniani wezi wana mashine zinazozunguka mchana na usiku kujaribu vitasa vya watu, na hizi hazikuhitaji hata kuvunja. Zilibisha hodi, zikakaribishwa.

Na kwa kuwa aliweza kuingia kwa mbali, aliacha kuja na diski. Kwa hiyo nakala za tangu masika nazo hakuna.

Uso ulimwaka mpaka masikio. Alijikuta amefunika skrini kwa kiganja, ingawa chumbani hapakuwa na mtu.

Mlango uligongwa. Bi Mwatumu aliingia na sahani iliyofunikwa: ugali, kisamvu cha nazi, na kipande cha samaki ambacho ni dhahiri alikuwa amejinunulia yeye. Nyuma yake wakufunzi wawili walichungulia.

"Kula kwanza. Huwezi kufanya kazi na njaa kwa sababu ya ujinga wangu."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi ilikuwa fupi tu: si wewe, ni mimi. Alifungua mdomo. Wale wakufunzi walikuwa wamesimama pale, tayari kucheka, kama watu wanaosubiri bomba lililozoea kutoa maji. Yakatoka yaleyale.

"Mtumwa wangu, umeua chuo halafu unaleta pilau la msiba."

Wakufunzi walicheka. Bi Mwatumu naye akacheka, na Castory aliona jinsi alivyocheka: alicheka kwa kumlipa, kama mdaiwa.  Ugali aliula wote, kwa sababu kuuacha kungehitaji maelezo.

Siku chache baadaye kiliitishwa kikao cha wafanyakazi, bwalo la Korogwe, na watu wa Handeni wakaja. Dokta Mhina hakuwa mtu wa makelele. Alieleza kilichopotea, akaeleza kwamba wakufunzi watatafuta karatasi za zamani za mazoezi zilizobaki, mwanafunzi mmoja mmoja, na kwamba ambaye alama zake hazitapatikana atafanya mazoezi upya. Kisha akasema uzembe wa mtu mmoja umewatia wote matatani, na kwa kuwa mtu huyo amekiri mwenyewe, apewe nafasi.

Bi Mwatumu alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, lile la kijani, kana kwamba kuomba radhi nako kuna vazi lake.

"Mimi kompyuta nimeikuta ukubwani," alisema. "Nilifundishwa, nikaonywa, nikaona ni mzaha. Nawaomba radhi walimu, nawaomba radhi watoto wa watu. Sina la kuongeza."

Castory alikuwa safu ya tatu. Hakupanga kusimama. Miguu ndiyo iliyosimama.

"Mkuu, si yeye," alisema. "Ni mimi. Mlango niliuacha wazi mimi. Flashi yake ni safi."

Watu wakageuka kumtazama. Halafu Shamsia akaguna, Eliasi akapiga meza, na bwalo zima likaangua kicheko, kile cha watu waliobanwa na pumzi kwa muda mrefu wakapata pa kuitolea. Mtani kasimama. Mtani kajitwika maiti. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mnyamwezi kubeba mizigo ni jadi, mwacheni abebe," na kicheko kikaanza upya.

"Jamani, sitanii."

Hilo ndilo lililowamaliza. Dokta Mhina mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Na Bi Mwatumu, akiwa bado amesimama, akageuka akamtazama Castory, machozi yanamtoka na mabega yanatikisika.

"Kaa chini, mtumwa wangu," alisema. "Umenizika vizuri. Kuku wako nitakupa."

Castory akakaa.

Angeweza kubaki amesimama. Laptopu ilikuwa mapajani kwake, na neno "fundi" lilikuwa ndani ya laptopu. Alikuwa amelipiga picha, lipo, kulifungua ni kubonyeza mara moja. Lakini kiti kilikuwa hapo nyuma yake, na kilikuwa kiti kizuri. Alijiambia kwamba amesema, na wasiposadiki si kosa lake. Palepale alipojiambia hivyo alisikia kitu kinanuka, na akajua ni yeye.

Uamuzi ulitoka kikao kilipofungwa. Kwa kuwa Bi Mwatumu ni mtu wa siku nyingi, hafukuzwi. Ataondolewa kwenye kompyuta, atahamia stoo ya bwalo la Handeni, kupokea unga na maharage. Ofisi atapewa mtu mwenye cheti. Castory alimfuata Dokta Mhina mlangoni mwa bwalo, watu wakiwa wanatoka.

"Mkuu, lile nililosema pale..."

"Najua," alisema Dokta Mhina akamshika bega. "Na nakwambia ukweli, barua ya kumsimamisha ilikuwa tayari. Uliposimama vile, nikaona aibu. Umemwokoa mama wa watu. Lakini usizidishe, utani ukizidi unakuwa dharau."

"Lakini Mkuu..."

"Castory. Inatosha."

Na ikatosha. Aliiacha itoshe. Alitembea na laptopu kwapani hadi kwenye pikipiki, na watu wawili walimsimamisha njiani kumpongeza. Kesho yake Shamsia alimletea vitumbua vilivyofungwa kwenye gazeti, akamwambia wanaume wenye utu kama wake wamekwisha. Castory akavila. Hakuna kitu kigumu kama kumeza kitumbua cha sifa usiyostahili. Kinalainika mdomoni, kikifika kooni kinasimama.

Wiki ile watu waliona amepungua maneno, wakasema ni uchovu. Mwalimu Eliasi aliacha kompyuta yake wazi, akarudi mbio ofisini akitarajia machungwa, akakuta hakuna kilichoguswa, akasikitika kidogo.

Castory alirudi Handeni kusafisha kompyuta na kuiandaa ile ya ofisini kwa ajili ya huyo mwenye cheti. Bi Mwatumu alikuwa anakusanya vitu vyake kwenye boksi la mafuta ya kula: kikombe, stepla, mswala, kanga ya kujifunika kiyoyozi kikizidi. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

"Njoo, mtumwa wangu, njoo unione ninavyohamia kwenye utajiri. Stoo! Panya wote wa Handeni watakuwa wananiamkia mimi."

 Dirishani ukatokea uso wa mwanafunzi, msichana mdogo wa mwaka wa kwanza, mwenye heshima kabisa, hata hana habari kama amesema kitu.

"Samahani, Mama Kirusi yupo?"

"Nipo, mwanangu," alisema Bi Mwatumu. "Unasemaje?"

Alitaka kugongewa mhuri. Bi Mwatumu alimgongea, akapuliza wino ukauke, akamkabidhi karatasi yake kwa mikono miwili. Msichana akashukuru, akaondoka. Bi Mwatumu akarudi kwenye boksi, akalaza stepla, akaitoa, akailaza upande mwingine.

Lile jina halikuwa utani. Mtani alikuwa mmoja tu, na jina hilo hakulitoa yeye. Lakini mbegu zake alizipanda yeye, moja moja, semina baada ya semina. Castory aliitoa bisibisi mfukoni akaiweka mezani. Akakaribia.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bi Mwatumu aliinua kichwa polepole. Hakuitikia. Alitazama mlango, akatazama simu yake iliyokuwa mezani, akamtazama tena.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi usinitishe. Nani kafa, Castory? Ni kwetu?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kukwambia jambo, na nataka unisikilize kama unavyomsikiliza mtu wa kawaida."

Akamwonyesha. Hakutumia lugha ya semina. Alimwonyesha Ijumaa, flashi, safi. Alimwonyesha Jumapili, na jina lililoingia, akamwambia jina hilo ni nani. Alimweleza mlango alioufungua masika, na kwa nini, na kwamba sababu yenyewe ni uvivu wa mvua. Alimtajia lile neno la siri. Alimweleza kwamba aliyajua yote haya siku ileile ya ugali na kisamvu, kabla ya ugali na kisamvu. Aliongea akiitazama skrini, kwa sababu skrini haikuwa na macho.

Alipomaliza, Bi Mwatumu alikuwa amekaa juu ya boksi.

"Kwa hiyo pale bwaloni," alisema, "ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo."

"Nami nikakwambia kaa chini."

"Ndiyo, mama."

"Ukakaa."

 Matusi ya miaka yote, hakuna hata moja lililokuwa limemwingia Castory kama neno hilo.

"Kosa la mlango ningekusamehe palepale," alisema Bi Mwatumu. "Mimi nyumbani nimewahi kusahau kufunga banda, fisi wakala mbuzi. Kusahau ni kitu cha watu. Lakini mimi nimevaa gauni langu la Idi nikasimama mbele ya watu kuomba radhi, na wewe unajua. Nikakuambia kaa, kwa mapenzi, na wewe ukashukuru, ukakaa. Mwanangu wa mwisho anasoma hapa, Castory. Anasikia ninavyoitwa."

"Nampigia mkuu sasa hivi."

"Piga. Mbele yangu."

Dokta Mhina alipokea haraka. Castory alieleza, kwa sentensi zilizonyooka, na alipofika katikati alimsikia mkuu upande wa pili akianza kucheka kidogo puani.

"Castory, Castory. Nilikwambia usizidishe."

Alijaribu tena. Kila alivyosisitiza ndivyo alivyosikika anafanya ile sauti yake. Alikuwa ameitumia kila sauti aliyokuwa nayo, ya huzuni, ya hasira, ya kiapo, zote kwenye mzaha. Haikubaki hata moja ya kusemea kweli.  Akamtazama Bi Mwatumu, na hakuwa na haki hata ya kumwomba kwa macho.

Bi Mwatumu alinyoosha mkono akaichukua simu.

"Mkuu, shikamoo. Ni Mwatumu. Mimi na huyu hatutaniani leo." Akasikiliza. "Hapana, Mkuu. Kaniamkia." Kicheko cha upande wa pili kikakatika. "Nimeyaona kwa macho yangu. Nimpe simu?"

Castory alipopewa simu, Dokta Mhina hakutaka maneno mengi. Bi Mwatumu abaki ofisini kwake. Kesho asubuhi yeye mkuu anakuja Handeni, ataongea na wafanyakazi na wanafunzi, na Castory ataongea mbele yao kabla yake. Baada ya hapo Castory aripoti Korogwe ofisini kwa mkuu, na asije na bisibisi.

"Umenifanya nikamdhalilisha mtu mzima," alisema mwisho, kwa sauti ya chini, akakata.

Mchana uliobaki walifanya kazi. Ile programu ya masika Castory aliing'oa yote. Akalifuta jina la fundi kwenye kompyuta zote tatu, Bi Mwatumu akiwa amesimama nyuma yake anatazama kila anachobonyeza. Hakumtukana hata mara moja. Alipotaka kitu alisema "tafadhali", na kila "tafadhali" ilimfika Castory mgongoni kama kokoto. Alikuwa akimwita Bwana Castory. Castory alijaribu, mara moja tu, kusema kitu kuhusu panya wa stoo watakaosikitika kumkosa. Maneno yalianguka katikati ya chumba na hakuna aliyeyaokota.

Nje wanafunzi walikuwa wanapanga foleni ya chakula. Kilichobaki kilikuwa neno jipya la siri la kompyuta ya ofisi. Siku zote Castory ndiye aliyekuwa akimchagulia, akimwandikia, kisha akimtania kwamba hata hilo atalisahau. Aliweka vidole kwenye kibodi.

"Inuka," alisema Bi Mwatumu.

Akainuka. Bi Mwatumu akakaa kwenye kiti chake, akakisogeza mbele, akanyoosha vidole kama alivyokuwa akivinyoosha enzi za taipureta.

"Geuka, Bwana Castory."

Castory aligeuka akautazama ukuta. Palikuwa na misumari miwili iliyokuwa imeshikilia kalenda, kalenda yenyewe ikiwa kwenye boksi. Nyuma yake kibodi ilianza kulia, taratibu, kisha haraka, na haikukoma upesi. Lilikuwa neno refu. Alisimama pale na uso wake ukutani, masikio yanamwaka, akisubiri kuambiwa kwamba sasa anaweza kugeuka.